Wawili Ndani ya Miwa

Mzee Andati alianza kubisha hodi kwenye miwa katika msimu wa kupalilia mahindi, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Zipporah, mke wa mwanawe. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, kuku wamejilaza kivulini. Mzee alitoka nyumbani kwake amevaa koti la Jumapili, akavuka uwanja, akasimama pale miwa inapoanzia. Akavua akala zake za tairi, akazipanga vizuri upande mmoja, akasema, "Hodi." Akangoja. Akasema tena, "Hodi wenyewe." Kisha, jamani, akatabasamu kama mtu aliyefunguliwa, akainamisha kichwa asijigonge juu ya mlango, akaingia.

Pale hapakuwa na mlango wowote. Palikuwa na miwa tu, mirefu kumpita mtu aliyepanda baiskeli, imeshonana hata upepo unapenya kwa taabu. Zipporah aliweka chini ungo wa mtama, akaita, "Baba! Baba, unaenda wapi?" Alisikia majani yakikwaruzana, kisha sauti ya mzee mle ndani ikisalimia, "Mulembe," ikanyamaza kidogo kama inayosikiliza, ikasema, "Sisi pia hatujambo." Vinyweleo vilimsimama. Alibaki amesimama kando ya ungo wake mpaka mzee alipotoka mwenyewe, akavaa akala zake na kwenda kulala.

Miaka ile Shianda yote ilikuwa imelewa miwa. Kiwanda kilimeza kila kilicholetwa, na aliyekuwa na kipande cha ardhi alikikabidhi kwa trekta la kampuni akakaa kungojea utajiri. Cornelius, mume wa Zipporah, hakubakiza hata pa kufungia mbuzi. Alilimisha malisho, akalimisha mihogo, na mwisho akalimisha boma la zamani, pale alipozaliwa baba yake, ambapo kuta za udongo zilikuwa zimebaki vichuguu chini ya mti mmoja wa lusiola. Majirani walimwonya kwamba boma la wazee halilimwi hivihivi, walau achinje kitu, awaombe radhi. Cornelius alicheka sana. "Wazee hawali sukari," aliwaambia. Trekta likapita, lusiola ukabaki kisiki, na miwa ikaota mpaka karibu na ukuta wa jiko. Mtu akisimama uani alikuwa haoni barabara wala nyumba ya jirani, anaona miwa na mbingu basi.

Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeujulia jina. Mzee alikuwa anamkama mbuzi aliyekwisha kukamwa. Alikuwa anamuulizia mkewe, aliyezikwa zamani, kama amerudi sokoni, na ukimwambia amekufa analia upya kama ndiyo kwanza anapewa habari. Wengine walisema ni uzee tu, wengine wakasema boma lililolimwa linamdai, na wale wenye ndimi ndefu kule mtoni walisema huenda amekuwa mkimbiaji wa usiku, mchawi wa kutimka gizani akigonga milango ya watu. Cornelius yeye aliona aibu. Wageni wa kanisa wakija, alimfungia baba yake chumbani na kufungua redio kwa sauti kubwa ili wasimsikie akiomba kutolewa. Mambo ya nyumba hayatoki nje, alisema, kana kwamba mtaa mzima haukuwa ukimrudisha mzee nyumbani kila alipopotea, mwenye duka leo, wanawake wa kisimani kesho. Mficha maradhi, kifo humfichua, lakini nenda kamwambie hivyo mtu aliyenunua sofa mpya.

Mzigo ukamwangukia Zipporah, na mzigo huo haukuwa na mahali pa kushikia. Kwa watu wa huku, mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Hampi mkono, haingii chumba chake cha kulala, na jina lake halitamki hata awekewe kisu shingoni. Basi angemwogesha vipi? Aliweka maji ya moto mlangoni, akaweka sabuni, akaita, "Baba, maji," akageuka. Mzee aliyatazama yakapoa, akayamwagia kuku. Koti likaanza kunuka, na majirani wakaanza kusema ona yule mama, anakula miwa ya mzee halafu anamwacha aoze. Zipporah aliyasikia yote, na aliporudi jikoni alilia kwa hasira.

Alimpeleka zahanati. Karani akauliza jina la mgonjwa. Zipporah akatazama chini. Karani akauliza mara ya pili, kwa sauti, na watu kwenye foleni wakaanza kugeuka. Hakuwa na la kufanya ila kumgeukia mzee na kumwomba amwambie karani jina lake. Mzee alifikiri, akatazama pembeni kama anayemuuliza mtu aliyekaa karibu naye, akasema taratibu, "Osundwa." Karani akaandika. Zipporah alijua si jina lake, ila kumsahihisha kungemlazimu alitaje la kweli, kwa hiyo alichukua kadi ya mtu asiyemjua, wakapewa vidonge vya usingizi wakarudi nyumbani.

Njiani mzee alikuwa anatembea upande mmoja wa barabara, akiacha nafasi ya mtu mwingine kulia kwake.

*

Mchana mmoja Zipporah alimkuta amechuchumaa nyuma ya ghala la mahindi. Kidole kimoja kilikuwa mdomoni, na mkono mwingine umezunguka hewa, kwenye urefu wa bega la mtoto.

"Inama," alinong'ona. "Wanapita."

Zipporah hakujua kwa nini aliinama, lakini aliinama. Barabarani walikuwa wanapita wapimaji wa kampuni, wanaume watatu wakipiga soga kwa Kiswahili, sauti juu. Mzee alitetemeka mpaka walipopotea. Kisha akapapasa ile hewa kwa upole na kusema, "Wamekwenda. Usilie sasa." Zipporah alijikuta anatazama vumbini kama kuna nyayo nyingine zaidi ya zile za mzee. Alijicheka, lakini alikuwa ameshatazama.

Jioni hiyo alikwenda kwa senge wa mumewe, Khalayi, dada mdogo wa mzee, aliyekuwa mjane na anaishi peke yake ng'ambo ya barabara. Senge alikuwa anachambua kunde. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho, halafu akamwambia kwamba Osundwa alikuwa kaka yao mkubwa. Yeye Senge alikuwa bado mgongoni wakati huo wa vita vya Mjerumani, na haya alikuja kuhadithiwa baadaye na mama yao. Askari wa serikali walikuwa wanazunguka bomani kukamata wanaume na vijana wa kubeba mizigo ya jeshi, na waliobebeshwa mizigo hiyo wengi hawakurudi. Walikuwa wanafika wakipiga madebe na kuita kwa Kiswahili, lugha ambayo siku hizo watoto waliijua kwa ubaya tu. Mama yao akawaficha wavulana wake wawili kichakani nyuma ya boma.

"Aliwafundisha," Senge alisema. "Mkisikia mwanamume anaita, msitoke. Mkisikia wanaita 'tokeni, hakuna neno,' ingieni ndani zaidi. Mtatoka mkisikia mwanamke anawaita kwa jina. Hiyo tu."

Zipporah akauliza, na Osundwa?

"Yule hakurudi," alisema Senge, na akaanza kulalamika jinsi samaki walivyopanda bei siku hizi.

*

Miwa ya Cornelius ilikuwa imepita umri. Mingine ilianza kulala chini na kukauka, na kila alipokwenda ofisini aliambiwa zamu yake bado. Alibembeleza, akarudi, akabembeleza tena, akaitwa bwana mdogo na kijana wa kalamu aliyemzidi yeye kwa tai tu. Hatimaye zamu ikatoka: miwa ichomwe alasiri ya siku fulani, kesho yake wakataji waingie na matrela yaje. Ikichomwa ni lazima isombwe upesi, na usipochoma siku yako unarudi mwisho wa foleni. Huku wanachoma kwanza, majani yaungue, nyoka wakimbie, shina libaki. Kwa nyumba ile, miwa hiyo ilikuwa karo, ilikuwa madeni ya dukani, na ilikuwa ile sofa.

Asubuhi ya siku hiyo viatu vya shule vya Shikanga, mtoto wao wa darasa la pili, havikuonekana. Zipporah alivitafuta chini ya kitanda na juu ya dari, akamgombeza mtoto, mtoto akaapa kwamba aliviacha mlangoni. Mwisho akaenda shule peku, amenuna. Cornelius akaacha amri kabla ya kwenda kuwapokea wakataji: mzee afungiwe ndani. Zipporah alifika kwenye mlango ule na kufuli mkononi. Alimwona mzee amekaa kitandani, mikono mapajani, anamtazama yeye na lile kufuli. Hakuweza. Alirudishia mlango tu, akaweka kijiti, akajitwisha mahindi kwenda kisiagi.

Alikuwa anarudi na unga kichwani aliposikia debe. Makhanu, mnyapara wa wakataji, alikuwa anazunguka shamba na vijana wake kama desturi inavyotaka, wanagonga debe na kuita, ili kama kuna mtu amejisaidia mle, au mtoto anaiba muwa, atoke kabla ya moto.

"Tokeni!" sauti za kiume ziliita. "Tokeni ndani! Hakuna neno, tokeni!"

Unga ulianguka. Zipporah alikimbia, khanga moja ikabaki barabarani. Kijiti kilikuwa chini, mlango wazi, kitanda kimetandikwa. Akazunguka nyuma ya jiko. Pale mwanzo wa miwa, mahali pale pa siku zote, akala za mzee zilikuwa zimepangwa vizuri, na kando yake, visigino vimelingana, vilikuwa viatu vya Shikanga.

Alielewa papo hapo viatu vile vimewekewa nani, akashika mbio.

Alimkuta Cornelius upande wa chini wa shamba, amesimama na Makhanu na wakataji, suruali yake nzuri amekunja mpaka magotini. Moshi ulikuwa umeshaanza kupanda upande wa juu, mweupe kwanza, kisha mweusi. Zipporah alisema mzee yumo ndani. Cornelius akasema haiwezekani, mzee anaendanga kwa mwenye duka saa hizi, na kwani Zipporah hakumfungia? Zipporah akasema hakumfungia. Cornelius alimtazama kwa jicho ambalo Zipporah hakulisahau, halafu akasema polepole, kama anayejishawishi mwenyewe:

"Amepigiwa debe mpaka limetoboka. Angekuwa ndani angetoka."

"Debe ndilo linamficha," Zipporah alisema.

Makhanu hakuwa mtu mbaya. Alisema upande wa juu umeshika, hauzimiki tena, ila huu wa chini hatauwasha kwanza. Akatuma vijana wawili waingie. Wakaingia wakiita kwa nguvu, Mzee, toka, Mzee, tokeni, na kila walipoita Zipporah aliona vilele vya miwa vikitikisika mbele yao, vikienda mbali, kuelekea kwenye moto. Vijana wakatoka wakikohoa na machozi. Wanawake wa jirani walikuwa wamefika, mikono vichwani, na wote walikuwa wameolewa katika ukoo ule, kila mmoja ni mkwe wa mzee sawa na Zipporah. Senge Khalayi, binti wa boma, ambaye angeweza kuita bila kosa, alikuwa amekwenda Shirere kumuuguza mjukuu wake.

Zipporah aliita, "Baba! Baba!" Lakini aliyekuwa mle hakuwa baba ya mtu. Alikuwa mtoto wa miaka tisa aliyefundishwa asitoke.

Jina lile alikuwa hajawahi kulitamka hata peke yake shambani. Lilipotoka mara ya kwanza lilitoka nusu.

"Andati."

Wakataji waligeuka kumtazama. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa leso. Cornelius alimshika mkewe mkono akamuuliza kwa sauti ya chini kama amerukwa na akili, baba yangu unamwita hivyo mbele ya watu? Zipporah aliuvuta mkono wake, akasogea mpaka majani yakamgusa uso, na safari hii aliita kwa Kiwanga, lugha ya nyumbani, kama mama anavyoita jioni chakula kikiwa tayari.

"Andati! Njoo mwanangu. Wamekwenda. Andati, njoo!"

Moto ulikuwa unapasua miwa kama mahindi kwenye kikaango. Katikati ya mlio huo ikaja sauti nyembamba.

"Mama?"

Waliokuwepo wanabishana mpaka leo. Wapo wanaosema ilikuwa sauti ya mzee iliyokaushwa na moshi. Wapo wanaoapa kwa Mungu aliyewaumba kwamba alikuwa mtoto, na si mmoja. Zipporah hakungoja kuchagua, aliingia.

*

Ndani mchana ulikuwa wa rangi ya chai. Panya na nguchiro walimpita miguuni wakikimbilia kule alikotoka, hata hawakumwogopa. Aliendelea kuita jina, na sasa lilikuwa linatoka kirahisi, na urahisi huo ulimtisha. Majani yalimkata mashavu. Mara mbili aliitikiwa kutoka kushoto, akaenda, na mara mbili hapakuwa na mtu, ila nyasi zimelala kama pamekaliwa. Mara ya tatu sauti ilitoka mbele, karibu.

Mzee alikuwa amechuchumaa kwenye kisiki cha ule lusiola, katikati ya lililokuwa boma la mama yake. Mkono mmoja ulikuwa umezunguka hewa. Aliinua uso, macho yake mekundu kwa moshi, na hapakuwa na uzee ndani yake.

"Mama, umechelewa," alisema. "Tumeogopa."

"Nimekuja. Inuka."

Alimshika mkono. Tangu aletwe nyumba ile, watoto wanne na mazishi ya mama mkwe yakiwa yamepita, hakuwahi kuugusa mkono ule. Ulikuwa mkavu na mwepesi, na ulimkamata kwa nguvu. Walikimbia. Mzee alikuwa anakuja, lakini mkono wake wa pili ulinyooka nyuma, umekaza, kama anavuta kitu kizito kisichotaka kuja. Joto likawapiga mgongoni. Zipporah akavuta, mzee akavuta, na ghafla ule mkono wa nyuma ukaruka mbele mtupu, kama kamba iliyokatika. Mzee akapiga kelele na kutaka kurudi. Zipporah alimkumbatia kiunoni, baba mkwe wake, akamburura mpaka kwenye mwanga.

Makhanu akawasha upande wa chini ili moto ukutane na moto. Hapakuwa na njia nyingine, nyumba zilikuwa karibu.

Mzee alikaa chini kwenye majivu yaliyokuwa yameanza kuanguka. Alimtazama Zipporah, na maneno aliyosema kila mtu aliyasikia.

"Mama, mbona umeniita mimi peke yangu? Osundwa yumo. Anangoja jina lake."

Makhanu akageuka taratibu. Akawahesabu vijana wake kwa macho. "Kuna mtoto ndani?" aliuliza.

Ndipo Cornelius alipoviona. Moshi ulikuwa umemsogeza mpaka nyuma ya jiko, na pale miguuni pake palikuwa na akala za baba yake na viatu vidogo vyeusi alivyovinunua yeye mwenyewe Mumias, akapita navyo sokoni Shianda mkononi, bila mfuko, ili watu waone. Alivitazama kama mtu anayesoma kitu asichokielewa. Halafu akaita, "Shikanga!" Sijui kama mmewahi kumsikia mtu mzima akiita namna ile, na nawaombea msisikie. Alikimbilia motoni. Wakataji wanne walimwangukia, wakamshika kichwa na miguu, na bado alikuwa anawavuta.

Zipporah alimwambia mtoto yuko shule, alikwenda peku, mzee ndiye aliyechukua viatu.

"Ulimwona akifika?"

Alikuwa amemwona akivuka barabara. Kufika hakumwona. Wala hakuweza kuapa kwamba mtoto amefika, maana miwa ilikuwa imeota pande zote mbili za njia ya shule, na mzee alikuwa na masaa mengi ya kumshika mtu mkono.

Walikimbia wote wawili. Nyuma yao shamba lote lilikuwa linanguruma. Darasa la pili lilikuwa la mwisho kwenye safu ya madarasa, na walipofika mlangoni watoto walikuwa wanaimba hesabu za kuzidisha. Shikanga alikuwa amekaa dawati la ukutani, miguu ameikunja chini yake ili wenzake wasione kwamba hana viatu. Aliwaona wazazi wake, akadhani wamekuja kumchapa, akaanza kulia. Cornelius alishika mwimo wa mlango. Suruali ilikuwa imeungua goti moja. Mwalimu aliuliza kwa heshima kama nyumbani kuna msiba, na Cornelius alitikisa kichwa.

*

Maneno hayakukosekana. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema mke wa mwana amelitaja jina na amegusa, kwa hiyo patolewe kondoo. Kuna waliocheka kwamba siku hizi Zipporah amejifungua mtoto mwenye mvi. Cornelius alitoa kondoo bila kubishana bei wala rangi. Siku hiyohiyo alichukua beseni na sabuni, akaingia chumbani kwa baba yake, akafunga mlango, na Zipporah akiwa uani alisikia maji yakimwagika na mumewe akisema, inua mkono, baba, huu mwingine. Hakuna aliyefungua redio.

Matrela yalikuja, miwa ikaenda, malipo yakaahidiwa. Nyuma ya jiko pakabaki uwanda mweusi mpaka barabarani, mtu anaona nyumba za majirani tena, na majirani wanamwona. Mzee hakubisha hodi tena. Alikaa tu kwenye benchi kuelekea kule kweusi, hali, hanywi. Uji ulikuwa unaganda kikombeni. Kila Zipporah alipopita alimshika upindo wa khanga na kumuuliza swali lilelile.

"Mama, na Osundwa?"

Alijaribu kumwambia Osundwa amekua, amekwenda kazini, atakuja kesho. Mzee hakuwa mjinga. Mashavu yalianza kuingia ndani, na Zipporah aliona wazi kwamba swali hilo litamuua kabla ya ugonjwa.

Senge Khalayi aliporudi kutoka Shirere aliambiwa yote. Kisha akasema kile alichokiruka siku ile ya kunde. Askari walipoondoka, mama yao alikwenda kichakani. Watoto walikuwa wametengana. Akamwita mdogo kwanza, kwa sababu ya udogo wake, akatoka. Alipofungua mdomo amwite mkubwa, akamwona askari mmoja amebaki nyuma, anafunga kamba ya kiatu chake njiani. Akafunga mdomo. Akarudi nyumbani na mmoja. Usiku kulikuwa na askari, kesho yake pia, na alipokuja kuita, hakutoka mtu.

"Walisema alikamatwa, lakini hakuna aliyemwona akikamatwa," Senge alisema. "Mama alikufa akisema yule mtoto alikuwa msikivu sana. Ukimwambia ngoja uitwe, atangoja."

Zipporah hakulala vizuri. Kesho yake alasiri, baada ya kupika, alitoka nyuma ya jiko. Mzee alikuwa kwenye benchi, katikati, kama kawaida yake. Zipporah alimpita, akaenda mpaka pale palipokuwa mwanzo wa miwa. Aliogopa, tusidanganyane. Aliogopa kutojibiwa, na aliogopa zaidi kujibiwa. Upepo ulikuwa umetulia, hata majivu hayakuruka.

"Osundwa," aliita. Akavuta pumzi. "Osundwa, mwanangu, njoo. Wamekwenda."

Hakujibiwa. Mahali fulani karibu na kile kisiki, majivu yaliinuka kidogo, yakashuka, yakainuka tena hatua moja karibu zaidi, kama inavyokuwa mtu akitembea polepole. Huenda alikuwa panya. Zipporah hakungoja aone. Aligeuka arudi, na ndipo akaona kwamba mzee amesogea. Alikuwa amehamia ukingoni mwa benchi, akaacha nafasi upande wake wa kulia. Mkono wake ulizunguka juu ya nafasi hiyo, ukatulia. Alikuwa anatabasamu.

"Mama," alisema, "tuna njaa."

Cornelius alirudi jua likiwa bado juu. Siku hizo alikuwa amezoea kukaa na baba yake benchini kabla ya kuoga. Alikuja moja kwa moja, akageuka akae, akamwona mzee vile alivyokaa, mkono ulivyozunguka, na ile nafasi iliyoachwa, ya kumtosha mtoto. Alisimama. Alimtazama mkewe.

Cornelius alivua kofia, akakaa chini kwenye nyasi, miguuni pa baba yake. Zipporah alikuwa ameshatoka jikoni, amebeba chai.

"Leta kikombe kingine," Cornelius alimwambia. Alipokuwa ameshafika mlangoni, akamwita tena. "Kitie sukari nyingi."